Msiba wa Nywele za Mamothi

Binti yangu na mimi, miaka hii ya karibuni, hatuna mazungumzo mengine isipokuwa mamothi. Nasema hivyo bila haya. Wenzangu wana watoto Kigali, wanapiga nao soga za kodi ya nyumba na meno ya wajukuu. Wangu yuko Urusi, tena si kule kwenye miji mikubwa inayoonekana kwenye televisheni. Yuko mashariki kabisa, ambako ukichimba kidogo tu unakuta udongo umeganda kama nyama ya kwenye friza. Kazi yake ni kutunza mabaki ya tembo wa manyoya, wanyama ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona.

Alikwenda kusoma elimu ya wanyama. Nilimpa sweta lile zito ambalo mtu wa kwetu Kamembe analivaa basi la Kigali linapopita msitu wa Nyungwe, nikaona nimemaliza kazi yangu ya uzazi. Alipofika akanipigia akicheka mpaka machozi, akaniambia sweta langu kule linavaliwa ndani ya nyumba, karibu na jiko. Ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki binti akiwa bado sekondari, na tangu hapo uani kwetu tumebaki mimi na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Wifi anakaa chumba cha ng'ambo ya uwanja, na akipiga chafya mimi namjibu kutoka jikoni. Mimi nashona. Sare za shule, kanzu za Idi, mapazia ya wakubwa. Yeye anatoa maoni.

Simu yetu ni ya Ijumaa, mchana mimi nikishakula, kule giza limeshaingia. Salamu zinaisha upesi sana. Umekula? Nimekula. Kuko baridi? Kuko. Shangazi anaendeleaje? Anaendelea na mdomo wake. Halafu kinaingia kile kimya cha simu ambacho unakisikia kabisa kinakula mega. Ijumaa moja, kwa kukiogopa kimya hicho, nikamuuliza leo kazini alikuwa ameshika nini. Akaniambia ameshinda akisafisha goti la mtoto wa mamothi. Nikauliza goti lilikuwaje. Akaanza kueleza, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya utotoni ya kutoka shule na habari. Tukaongea mpaka mega zikakata zenyewe.

Hapo nikajua dawa. Nikawa nakusanya maswali wiki nzima, huku mguu uko kwenye cherehani, ili Ijumaa nisikose la kuuliza. Mama wengine wanaweka akiba ya maharage. Mimi nilikuwa naweka akiba ya maswali ya mnyama aliyekwisha.

Nilijifunza mengi. Nilikuwa nikidhani mamothi aliishi akizama kwenye theluji kama kwenye katuni. Sivyo. Nchi yake ilikuwa kavu, wazi, ya jua kali na upepo, nyasi mpaka macho yachoke, na maua madogo wakati wa kiangazi. Baridi ilikuwa kali lakini chakula kilikuwepo. Koti lake lilikuwa la tabaka mbili, na hili nilielewa kuliko yote maana ndiyo kazi yangu: chini manyoya mafupi mazito ya kukaba joto, juu nywele ndefu ngumu za kuzuia upepo na maji. Bitana na nguo ya juu. Masikio alikuwa nayo madogo, si zile feni za tembo wa kwetu, kwa sababu sikio kubwa linamwaga joto. Mkia mfupi, kwa sababu hiyohiyo. Begani nundu ya mafuta. Meno yake yalikuwa kama mawe ya kusagia, na moja likiisha jingine linasukuma kutoka nyuma, mpaka lile la mwisho. Likishakwisha hilo, mnyama anakufa njaa akiwa amesimama katikati ya nyasi. Siku aliyonieleza hilo sikuwa na hamu ya kula.

Kuna siku alinieleza habari za mtoto wa mamothi aliyepatikana mzima kabisa, na kope zake. Tumboni alikutwa bado na maziwa ya mama yake. Kwenye mkonga alikutwa na matope. Alizama, akaganda, akakaa humo maelfu ya miaka.

Nikauliza, "Na mama yake?"

"Hatujue, Maman. Mama yake haionekanake."

"Mulitafuta?"

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka. Niliudhika kweli, kama vile ni yeye aliyemwacha.

Nami nilikuwa na moja la kumpa. Watu wa umri wangu tunakumbuka habari za tembo wa mwisho wa Nyungwe, aliyebaki peke yake katika msitu wote ule mpaka akauawa. Tulipokuwa wasichana tuliambiwa msituni kuna tembo, tukapita kwa basi tukichungulia. Baadaye tukaambiwa hakuna tena, na tukaendelea kuchungulia. Binti yangu akauliza huyo wa mwisho alikaa mpweke muda gani. Sikujua. Nilidhani nimemletea hadithi ya kuchangamsha, kumbe nimeongeza maiti juu ya maiti zake.

Halafu ikaja Ijumaa ya pembe. Aliniambia pembe ya mamothi inakua tabaka juu ya tabaka maisha yake yote, na wenye ujuzi wakiipasua wanasoma mnyama alipita wapi, mwaka gani alishiba, mwaka gani alikonda. Wanaona hata wakati dume kijana anapofukuzwa kwenye kundi la mama yake na kuanza kutangatanga. Ndiyo maana wengi wanaotolewa kwenye matope ni madume, akasema. Hawakuwa na bibi mzee wa kuwaonyesha pa kukanyaga.

"Na majike?" nikauliza.

"Banamuke habaendake, Maman. Kama vile batembo ba leo. Banabakia na mama yabo mpaka kufa."

Sote wawili tulisikia kile alichosema. Mimi nikajifanya kukohoa, yeye akasingizia mtandao mbaya.

Maana jambo lenyewe lilikuwa hilo. Masomo yake yalikuwa yamekwisha. Mkubwa wake kule alitaka abaki, apewe kazi ya kudumu. Huku nako kulikuwa na nafasi alizoambiwa ajaribu, za wanyama wa msituni, kwa sababu watu waliosoma hivyo si wengi. Aliniambia atafikiri, na baada ya Idi atanipa jibu. Mimi sikumuuliza hata mara moja anaelekea wapi. Niliuliza mkonga. Niliuliza mafuta ya nundu. Niliuliza mamothi wa mwisho walikufia wapi, akaniambia kwenye kisiwa, kaskazini kabisa. Zamani kilikuwa sehemu ya bara, bahari ikapanda polepole, na siku moja njia ya kurudi ikawa haipo. Wenzao wa bara walikwisha zamani, wao wakaendelea kuishi pale, wachache, wakizaana wao kwa wao, mpaka huku Misri watu wameshajenga piramidi. Damu ilikuwa imerudi kwenye damu mara nyingi mno hata pua zao zikaanza kupoteza harufu. Kutoka dirishani kwangu, kukiwa hakuna ukungu, naona ziwa na Bukavu ng'ambo, upande wa Kongo, taa zake usiku. Nilizaliwa kule. Nilimsikiliza nikiangalia maji.

Idi ikapita. Nilishona kanzu mpaka vidole vikauma, nikapika pilau ya watu wawili, wifi akasema chumvi imezidi. Jibu halikuja. Ikaja sauti ya WhatsApp: "Maman, niko nakutumia kitu kidogo ya mamothi. Nywele. Patron wangu wa kazi alikubali, sababu iko mingi sana. Ijumaa nitakuelezea bizuri."

Kifurushi kilishuka na basi la Kigali. Kililetwa na mwanafunzi aliyekuja likizo. Juu maandishi ya Kirusi, ndani kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa vizuri, na ndani ya kitambaa kishungi cha nywele, kirefu kama mkono mpaka kiwiko, rangi ya kahawia inayopiga wekundu. Nikazishika. Zilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Nikazinusa, zikanuka vumbi na dawa. Ungedhani ningefurahi. Nilikaa kitandani nikiwaza jambo moja tu: mtu anayekuja hatumi kitu, anakuja nacho mkononi.

Sikumwonyesha wifi. Nikakitia kifurushi kabatini, chini ya vitambaa vya sare, nikafunga mlango. Ijumaa ikafika, simu haikulia. Nikapiga, haikushika. Wifi akauliza, "Mutoto alipiga?" Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, nikaenda kulala.

Jumatatu nilikuwa na sare za kupeleka shuleni Gikundamvura, bondeni. Niliondoka mara baada ya sala ya alfajiri bila kumuaga wifi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kule chini joto linakupokea mlangoni, mpunga pande zote, vumbi mpaka kwenye meno. Nikapima watoto wawili watatu ambao sare zimewabana, nikapewa maji ya kunywa, nikarudi na pikipiki mpaka barabarani. Adhuhuri ilikuwa imepita nilipopanda kichochoro cha kwetu.

Nilichoona kwanza ni viatu. Kandambili, sendo, viatu vya plastiki, vimejaa mlangoni kwangu mpaka kwenye ngazi. Halafu mabenchi ya msikitini, wanaume wamekaa na kofia zao. Mmoja akasimama aliponiona, kisha wote wakasimama. Ndani, mikeka imetandikwa chumba kizima, cherehani yangu imesukumwa ukutani, na wanawake wa mtaa wamefunga kanga vichwani. Hata wale wa kule Nkanka waliokuwa marafiki wa mama mkwe walikuwepo.

Sikuuliza nani. Nina mtu mmoja tu duniani ambaye watu wangekuja kunikalia matanga kwa ajili yake, na wifi nilimwona kwa macho yangu anatoka jikoni. Nilikaa palepale penye viatu. Sina maneno ya kueleza kile nilichohisi, na sitaki kuyatafuta. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshika kandambili ya mtu na sikutaka kuiachia.

Wifi akaja akinikumbatia, analia kwa sauti. "Ulijua na hukusema! Ulibeba peke yako! Usijali, wifi, tulishazika nywele yake. Tulizika vizuri, mu kile kitambaa cheupe, chini ya muti ya avoka. Bamama bakasoma Yasini."

Nikasikia lile neno likiingia polepole.

"Nywele gani?"

"Ile ya mu kabati."

Sasa ni lazima nieleze, kwa haki ya wifi. Asubuhi ile alikuwa ametafuta vifungo, akafungua kabati langu kama alivyozoea. Akakuta kifurushi cha maandishi ya Urusi, akafungua, akakuta kitambaa cheupe na nywele. Sisi hatutupi nywele. Zinazotoka kwenye kitana zinakusanywa na kufukiwa, ndivyo tulivyolelewa. Na wote tumeshasikia habari za mtu aliyefia mbali, maiti ikashindikana kurudi, ndugu wakaletewa nywele zake na kucha wazike angalau hizo. Tena rangi. Kwenye picha ya mwisho iliyopo ukutani, binti yangu amesuka mèche, nywele za bandia ndefu za kahawia zinazopiga wekundu, zimetoka chini ya kofia yake ya manyoya. Simu ya Ijumaa haikulia. Mimi nimeondoka gizani bila kuaga, macho yamevimba. Mtu ajumlishe mwenyewe. Wifi alijumlisha, akaenda msikitini, na sisi Waislamu hatucheleweshi maziko. Shehe peke yake ndiye aliyesita. Alisema sala ya maiti aliye mbali ataiswalisha yeye, mama mzazi akishafika.

Nikasema, "Zile ni nywele za tembo."

Wifi akaniachia.

"Tembo wa manyoya," nikasema. "Alikufa zamani. Alikuwa kwenye barafu."

Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, taratibu, lakini nilisikia, "Akili inaruka. Mumupatie maji." Wakanishika mabega, wakaninyunyizia maji usoni. Nilivyozidi kueleza habari za mamothi ndivyo walivyozidi kulia, masikini mama wa watu, tembo wa manyoya. Nikatoa simu nikawawekea ile sauti: Maman, niko nakutumia kitu kidogo. Ndiyo nikaharibu kabisa. Kusikia sauti ya marehemu inatoka kwenye simu, chumba kizima kikapasuka kilio, na mmoja wa wale wa Nkanka akaanguka juu ya sufuria.

Nikapiga simu. Haikushika. Nikapiga tena, maana kufikia hapo na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Nywele zilikuwa za mamothi, sawa, lakini Ijumaa kwa nini hakupiga? Mtu anaweza kutuma nywele na kufa baadaye. Nikabaki nimeikazia macho simu, na wanawake wote wameikazia macho pamoja nami. Ndipo maandishi yakaingia: Maman samahani, reseau ya simu ilikuwa mubaya tangu Alhamisi, niko bado mu labo ya kazi, nitakupigia.

Nikampa msichana aliyesoma, akasoma kwa sauti. Akasoma tena.

Wa kwanza kupata nguvu alikuwa wifi, na alizipata kwa hasira. "Sasa juu ya nini ulificha? Muntu anafichaka nywele ya munyama mu sanda? Ulinifanya nizike munyama na Yasini!"

Nilitaka kumrudishia makali, nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini watu wote hao walikuwa wameacha soko na mashamba, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikasema ukweli. "Nilificha kwa sababu mungeniuliza atarudi lini. Na mimi sijui."

Wifi akakaa chini karibu yangu, akaanza kufungua kanga yake na kuifunga tena.

Nikaenda na jembe chini ya ule mparachichi wa uani. Hawakuwa wamechimba sana. Kitambaa kilikuwa kimeshalowa na siafu wameshakizunguka, mambo ya saa chache tu. Nilifikiri jinsi ardhi ya kule ilivyozitunza nywele hizi miaka yote hiyo bila kupoteza hata rangi, na hii yetu ilivyokuwa tayari imeanza kuzitafuna asubuhi hiyohiyo. Kwetu mamothi asingebakiwa hata na jino. Hata tembo wa Nyungwe, sijui kama kuna mtu leo anayeweza kuniletea unywele wake. Nikazikung'uta, nikaziosha kwenye beseni.

Chakula kilikuwa kimeshapikwa, na chakula hakirudi kwenye gunia. Bugali, sombe ya kisamvu, dagaa za sambaza walizoleta wale wa Nkanka, wali kidogo kwa ajili ya shehe. Wanaume wakala nje wakicheka chinichini. Ndani, wanawake wakapitishiana zile nywele mkono kwa mkono, na sasa kila mmoja akataka kujua. Alikuwa mkubwa kama nini? Kama tembo wa kawaida, karibu sawa. Alikuwa anakula bantu? Nyasi tu. Ni halali? Shehe akajibu kutoka nje kwamba swali hilo limechelewa. Nikawaeleza koti la tabaka mbili, masikio madogo, pembe zilizojikunja, hata ile aibu nyingine ambayo binti yangu aliniambia akijizuia kucheka: kwamba chini ya mkia alikuwa na kifuniko cha ngozi, kama pazia, cha kuziba upepo usiingie nyuma.

Wallahi sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya nyumba yangu. Yule aliyeangukia sufuria alicheka akilia. Wifi aliuliza kama naweza kumshonea yeye kimoja kwa ajili ya masika. Nilikaa katikati yao na sahani mapajani, nikajibu maswali niliyokuwa nimeyauliza mwenyewe wiki kwa wiki, kwa sauti karibu ya binti yangu, na nilikuwa na furaha. Nilifurahi kweli. Nikajiambia siku akirudi watakuja hivihivi, viatu vitajaa hivihivi.

Kabla ya alasiri kwisha walikuwa wameondoka. Kila mmoja alinishika mkono akasema Mungu amuweke, badala ya Mungu amrehemu, na wengine walikosea wakasema yote mawili. Mabenchi yakarudi msikitini. Nikarudisha cherehani mahali pake. Nyumba iliyojaa watu ikiwa tupu ni tupu kuliko ilivyokuwa kwanza, hili nalijua tangu matanga ya mume wangu, lakini nilikuwa nimelisahau.

Simu ikalia. Kule usiku umeshakuwa mwingi, lakini alikuwa ameahidi. Nikamsimulia kama kichekesho, na nilisimulia vizuri, nikaigiza sauti ya wifi na Yasini ya mamothi. Alicheka mpaka akaomba nipumzike. Halafu akauliza ni nani na nani waliokuja. Nikamtajia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na wale wa Nkanka na sambaza zao. Kicheko kikapungua.

"Bote balikuya juu yangu?"

"Wote. Mpaka nje hakuna pa kukaa."

Akanyamaza. Kimya kile. Nilikuwa na maswali mengine ya mamothi, niliyaweka tangu Ijumaa iliyopita. Sikuyatoa. Pengine ni kwa sababu mchana ule nilishampoteza mara moja na nikaona bado napumua. Nikamuuliza, "Mwanangu, utarudi?"

"Maman..." Nikamsikia anavuta pumzi. "Patron alinipatia ile kazi. Nilishaitika. Mbele ya Idi."

Mbele ya Idi. Kabla ya kanzu, kabla ya pilau, kabla ya nywele. Nikasema hongera. Nilisema kwa sauti nzuri, nina hakika, kwa sababu alishusha pumzi.

"Hukukasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Umesoma, umepata kazi."

"Sitakusahau, Maman. Nitakuya kukutembelea. Mwaka kesho, mu likizo, kama bananipa ruhusa. Nitakaa hata juma mbili."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hilo la kutembelea. Nikamwambia avae vizuri, akalale, nikakata simu mimi kwanza, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Kisha nikalia, kile kilio ambacho mchana wanawake wote walikuwa wamekaa wakinisubiri nikitoe. Nilikuwa peke yangu na sikukizuia.

Wifi alisikia kutoka chumbani kwake. Akavuka uwanja mbio, kandambili moja mguuni, akashika mlango. "Kuko nini tena? Mutoto?"

"Mtoto mzima," nikasema. "Anasema mwakani atakuja kututembelea."

Akainua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi! Na unalia? Weye uko muntu gani?" Akaja akakaa kitandani karibu yangu, uso umemng'aa kama wa siku ya harusi, akaanza kuhesabu kwa vidole: kuku, pilau, sambaza za kukaanga, ile mikate ya nazi. Akaniuliza, "Sasa mugeni tutamupikia nini kwanza?"